Kuku Mmoja kwa Mbwa Asiyelia

Mbwa wa watoto kuwindia sungura hatakiwi kuwa mkubwa. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu siku hizi wajukuu zangu wananionyesha picha za mbwa wenye miguu kama ya ndama, eti bibi, huyu atafaa? Afae nini? Mbwa wa namna hiyo ukienda naye porini, watoto wote mnageuka mizigo yake, anawaburuta mpaka jioni. Mbwa wa sungura anapita chini ya miiba pale ambapo mtoto wa miaka saba anapita kwa kutambaa. Bibi yangu ndiye aliyenifundisha hayo, na bibi yangu hakuwa mtu wa kukosea mbwa. Alikosea mara moja tu, na hiyo ndiyo nataka kuisimulia, kwa sababu kila nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni mpaka watu wanachungulia.

Tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Bunda, nyumba zimepangwa mistari kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha. Baba alikuwa amerudi kutoka Musoma, alikokuwa amepanga chumba Makoko akifanya vibarua mwaloni, mitumbwi ya samaki inapotia nanga, na watu wakamchagua kuwa balozi wa nyumba kumi. Sababu zilikuwa mbili: alikuwa na sauti kubwa na alikuwa na redio. Haki ya Mungu, sijui sababu nyingine. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Kila jioni alisimama nje na kuhutubia kuhusu kupe na wanyonyaji, watu wanaokula jasho la wenzao, hata kama waliomsikiliza walikuwa ni mama, bibi na mbuzi wawili.

Shule yetu ilikuwa na shamba la karanga, na kulilinda ilikuwa kazi ya watoto. Mwaka ule sungura walitutenda. Unafika asubuhi unakuta mistari miwili mizima imenyolewa, na vinyesi vyao vidogo vimeachwa pale kama asante. Mwalimu akakasirika, akasema msimu unaofuata kila Jumamosi watoto wataingia porini kuwinda, na wenye mbwa waje na mbwa wao.

Nilifurahi sana. Nilirukaruka. Halafu mtoto wa baba mkubwa, ambaye alikuwa amejifanya mkubwa wa wawindaji wote kabla hata hatujawinda panya, akaniangalia mimi na mdogo wangu wa mwisho niliyembeba mgongoni, akasema, "Wewe utabaki. Wasichana wanabebaga watoto."

"Nani kasema?"

"Mimi. Labda uje na mbwa wako mwenyewe."

Wavulana wakaangua kicheko, maana wote walijua nyumbani kwetu hakuna mbwa. Nikaenda moja kwa moja kwa bibi, nalia kwa hasira, makamasi mpaka kidevuni. Bibi alikuwa anachambua choroko. Hakunibembeleza. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo tatizo ni mbwa?"

"Ndiyo, bibi."

"Mbwa tu?"

"Ndiyo."

"Sasa unalilia nini, mama? Kalete maji unawe uso."

Kazi ilikuwa kwa baba. Baba alisema hapana kabla bibi hajamaliza kusema. "Mama, mimi nawahubiria watu kuhusu kupe, halafu nifuge kupe mwenye mkia nyumbani kwangu? Ale ugali wangu alale?" Bibi akamwambia mbwa wa sungura halali, anafanya kazi kuliko mabalozi. Wakavutana hivyo siku mbili tatu. Mwisho baba akakubali, lakini kwa sharti, na akalitamka kwa ile sauti yake ya mkutanoni ili majirani wawe mashahidi: mbwa akifika wakati wa kung'oa karanga hajakamata kitu, anarudi alikotoka, na mimi narudi kubeba mtoto bila kununa.

Kwetu mtoto wa mbwa hanunuliwi kwa shilingi. Mbwa wa shilingi, wazee walisema, haingii kichakani, anakaa njiani akingoja mwenye bei nzuri zaidi. Mbwa anabadilishwa kwa kuku, tena kuku anayetaga, na kama mbwa hafai unamrudisha, kuku naye anarudi kwenu. Bibi alikuwa na kuku mmoja tu wa maana, mwekundu, mtagaji hodari, aliyehama naye kutoka kijiji chetu cha zamani mlimani akiwa amemfunika kwa kanga ili asione njia na kujaribu kurudi. Alimkamata huyohuyo. Nilitaka kusema kitu, nikamwangalia usoni, nikaenda kutafuta kamba ya kumfungia kuku miguu.

Tukapanda lori la pamba kwenda Butiama. Wakati ule kila mtu alikuwa anaitaja Butiama kwa sababu zake kubwakubwa. Sisi tulikuwa tunakwenda kwa sababu ya mbwa. Tulikuwa bibi, mimi, mdogo wangu wa kiume aliyenifuata, na kuku. Tulikaa juu ya magunia, upepo unatujaza mdomo, tunapiga kelele bila sababu yoyote. Njiani kuku akataga. Hapohapo, juu ya gunia la pamba! Bibi akaanza kujiuliza kwa sauti: yai hili ni la nani? Kama kuku bado hajakabidhiwa, ni letu. Lakini kama safari ya kumkabidhi imeshaanza, si la mwenyeji? Alikuwa bado anapima haki pande zote wakati mdogo wangu alipolitoboa kwa jino na kulifyonza lote. Bibi akamtazama, akasema, "Basi, kesi imekwisha," na sote tukacheka mpaka utingo akatugombeza tusije tukaanguka.

Mwenyeji wetu alikuwa mwanamke aliyekuwa rafiki wa bibi tangu usichana wao. Mbwa wake alikuwa amezaa, na watoto walikuwa wamelala uani wamebanana kwenye kivuli cha ghala. Hapo bibi akageuka mtu mwingine. Alipiga magoti kama mtu wa kwanza kufika sokoni. Aliwapapasa vifua, maana mbwa mwenye kifua kipana sana anakwama. Aliwabana nyayo, akasema nyayo ziwe zimekusanyika kama za paka, zilizotawanyika zinaokota miiba. Aliwakataa wawili kwa sababu walikuwa wanene, mmoja kwa sababu alikuwa na masikio marefu ambayo yatachanwa, na mmoja kwa sababu, alisema, "ana uso wa mvivu, namjua mtu mwenye uso huu."

Halafu kikaja kipimo chenyewe. Unamshika mtoto wa mbwa kwa ngozi ya shingo, unamwinua juu. Anayelia ni mwoga, muache. Asiyelia ndiye. Bibi akainua wa kwanza: kweee! Wa pili: kweee, mpaka mama yao akasimama. Akainua yule mdogo kuliko wote, wa kahawia, mwenye ncha nyeupe ya mkia. Kimya. Alining'inia pale, miguu minne imelegea, anatuangalia mmoja mmoja kana kwamba sisi ndio tunaopimwa. Bibi akamtikisa kidogo. Kimya.

"Huyu," bibi akasema, na macho yake yakajaa machozi. "Mnaona? Huyu hata chui hamshtui."

Rafiki yake akakohoa, akaangalia pembeni. Nilidhani ni vumbi.

Tukarudi naye nimemweka ndani ya gauni langu, moyo wake unagonga juu ya tumbo langu, na mimi kwa furaha nikaimba njia nzima. Nilitaka kumpa jina palepale kwenye lori. Bibi akakataa: kwetu mbwa hapewi jina mpaka akamate kitu, jina la bure linamfanya ajione amemaliza. Kwa hiyo tukawa tunamwita Wewe. Wewe, njoo. Wewe, toka jikoni. Ilikuwa vurugu, maana nyumbani kila mtu aliitwa wewe, na mama akifoka tulikuwa tunageuka watano pamoja na mbwa.

Mwezi mzima ulipita kabla hatujagundua. Mwenyekiti wa kijiji alikuja, Wewe hakubweka. Fisi alipita nyuma ya nyumba akichekacheka, Wewe hakubweka. Siku moja mbuzi akamkanyaga mguu. Wewe akafungua mdomo wote, akainua shingo, mbavu zikaingia ndani kwa nguvu ya kulia, na hakikutoka kitu. Hata pumzi haikusikika. Alikuwa kama redio ya baba betri zikiisha, unaona taa lakini mtu hasemi.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni, akaona. Akamwita, akamfungua mdomo, akachungulia kama kuna kitu amekisahau humo. Kisha akakaa chini na kuanza kucheka taratibu, mabega yanaruka. "Yesu wangu," akasema, "nimemtoa kuku wangu, nimenunua bubu."

Jamani, tulitaniwa! Habari ilizunguka mistari yote ya nyumba kabla ugali haujaiva. Mbwa wa sungura lazima alie. Akiingia kwenye nyasi ndefu, sauti yake ndiyo inayokwambia ukimbilie wapi. Wetu akiingia kwenye nyasi alikuwa ametoweka duniani. Msimu wa karanga ulipoanza tulikwenda Jumamosi ya kwanza, na kazi yote ya mchana ilikuwa kumtafuta Wewe. Jumamosi ya pili ikawa hivyohivyo. Mtoto wa baba mkubwa alirudi kijijini akitangaza, "Leo tumewinda mbwa, tumemkamata mmoja!" Wanaume wakawa wanamsalimia baba njiani, "Balozi, kupe wako hajambo?" Baba alikuwa anajibu hajambo, na meno ameyauma.

Karanga zikakomaa. Baba akamwagiza dereva wa lori ampelekee salamu yule mama wa Butiama, kwamba siku ya gulio aje na kuku wetu, mbwa wake yupo tayari. Nilisikia kwa masikio yangu. Sikulala vizuri, na mchana nilimfuata Wewe kila alipokwenda, namwelezea mambo, namwomba. Nilimpenda yule mbwa. Alikuwa akikuangalia unapoongea mpaka unamaliza, na nyumbani kwetu hakuna mtu mwingine aliyekuwa na tabia hiyo.

Bibi aliingoja Jumamosi ya mwisho kabla ya gulio. Asubuhi akaingia ndani, akapekua kapu lake la siri, akatoka na njuga moja, zile kengele za chuma ambazo wacheza ngoma wanafunga miguuni. Ilikuwa yake ya ujanani. "Hii nilikuwa nikicheza nayo," akasema, "wakwe walikuwa wanaacha kula." Akaipitishia kamba ya katani, akaifunga shingoni kwa Wewe. Wewe akatembea hatua moja. Chwi. Akasimama, akaangalia nyuma. Hatua nyingine. Chwi! Uso wake, nakuapia, ulikuwa wa mtu aliyesikia jina lake likitajwa redioni. Akaanza kukimbia kuzunguka nyumba, chwi chwi chwi chwi, na mimi na mdogo wangu nyuma yake tukipiga vigelegele, mpaka mama akatoka na mwiko kuuliza ni harusi ya nani.

Mama alikuwa anakwenda kupalilia pamba ya kijiji na wakubwa wote, kwa hiyo mtoto alibaki mgongoni kwangu. Nikaenda naye hivyohivyo. Wavulana walipoona mbwa mwenye njuga na mwindaji mwenye mtoto walilala chini kwa kucheka. Wacheke. Tukajipanga mstari, tukaanza kupiga vichaka kwa fimbo.

Sungura akaruka karibu kabisa na miguu ya mtoto wa baba mkubwa, na mkubwa huyo wa wawindaji akapiga yowe la kike ambalo namkumbusha mpaka leo. Mbwa wao wote wakaondoka wakibweka kuelekea mlimani, wavulana nyuma yao. Lakini sungura hakwenda mlimani. Alikata kona, akarudi chini, na mimi nikasikia chwi chwi chwi ikikatiza kushoto. Nikaifuata! Nilikimbia na mtoto anadunda mgongoni, anacheka kwikwi, miiba inanichana, mdogo wangu mbele yangu anatambaa chini ya vichaka akipiga kelele, "Huku! Huku!" Sijawahi kuwa na raha kama ile tena, na nimeolewa na nimezaa.

Njuga ikaingia ardhini. Kulikuwa na shimo refu la muhanga, yule mnyama mla mchwa, mdomo wa shimo unamtosha mbwa mdogo lakini si mkubwa. Tukasikia chwi chwi ikishuka, ikishuka, halafu udongo ukaporomoka kidogo mdomoni, na njuga ikanyamaza.

Tukangoja. Mbwa mwingine angelia, tungejua yuko hai. Wetu hakuwa na sauti ya kulilia. Niliweka sikio chini, nikasikia damu yangu tu. Hapo raha yote ikaniisha. Nikamwachia mdogo wangu shimo, nikakimbia mpaka shamba la pamba, ambako baba alikuwa na jembe mbele ya watu wa nyumba zake kumi.

"Baba! Wewe amefukiwa!"

"Mimi?"

"Mbwa, baba! Kwenye shimo! Hawezi kulia, baba, hawezi hata kulia!"

Baba alinitazama, mtoto akilia mgongoni, mimi nikilia mbele. Nilidhani atasema kazi ya kijiji kwanza. Akaweka jembe begani, akaondoka, na kwa kuwa balozi ameondoka, nyumba kumi zote zikamfuata. Bibi, aliyekuwa ameletwa pale kuwachemshia wapaliliaji uji, akaacha uji.

Tulichimba! Majembe yalikuwa mengi mpaka yanagongana. Bibi alikuwa anazunguka akipiga watu makofi mgongoni, "Taratibu, mtamkata, nyie watu!" Halafu baba akanyanyua mkono. Akalala kifudifudi na shati lake la mikutano, akaweka sikio kwenye udongo, akaamuru wote tunyamaze. Na watu wakanyamaza. Miezi yote ya hotuba hakuwahi kupata ukimya kama ule.

Chwi.

"Yupo!" baba akapiga kelele kwa sauti ambayo si ya mkutanoni, sauti nyembamba ya mtoto. "Yupo! Anatikisa! Yupo!" Akatupa jembe, akachimba kwa mikono. Ikaonekana ncha nyeupe ya mkia. Wewe alikuwa anatoka kinyumenyume, makalio mbele, anavuta, anapumzika, anavuta. Baba akamshika kiuno, akamtoa, na nyuma yake akatoka sungura, mkubwa karibu sawa na yeye, Wewe amemng'ata paja. Alikataa kumwachia. Walijaribu watu watatu kumbandua. Wanawake wakapiga vigelegele, baba akabebwa juujuu kana kwamba yeye ndiye aliyeingia shimoni.

Nyama ya sungura mmoja kwa nyumba kumi ni kichekesho. Ilipikwa mchuzi, kila mtu akachovya. Lakini paja moja halichovywi na kila mtu. Kwetu ni mguu wa mbwa, wa mwenye mbwa aliyekamata, na anakabidhiwa na mkubwa wa wawindaji mbele ya watu. Mtoto wa baba mkubwa alikuja nao kwenye jani la mgomba, shingo ameikaza. "Haya. Wako," akasema. Nikala nusu, bibi akala nusu, Wewe akapewa mfupa.

Katika furaha hiyo hakuna aliyekumbuka kutuma salamu nyingine Butiama. Siku ya gulio yule mama akatokea uani na kapu kichwani. Akalitua, na ndani yake kulikuwa na kuku wa bibi, mwekundu vilevile, na vifaranga wamejaa chini ya mbawa zake.

"Nimemleta, kama mlivyoniagiza," akasema. Kisha akamshika bibi mkono. "Dada, nilijua tangu alipozaliwa kwamba halii. Siku ile nilikohoa, ukawa husikii. Mchukue kuku wako na wanawe wote, mimi nichukue mbwa wangu, tusije tukanuniana uzeeni."

Bibi alimwangalia kuku wake. Alimwangalia sana. Alinyoosha kidole, akamkuna chini ya mdomo, na yule kuku akafumba macho. Nilikuwa nimemkumbatia Wewe mpaka njuga imeniingia kifuani.

"Mimi sikuagiza," bibi akasema. Akamgeukia baba. "Aliyeagiza aseme."

Baba akaja taratibu. Akamtoa Wewe mikononi mwangu, akamshika kwa ngozi ya shingo, akamwinua juu mbele yetu sote. Wewe akaning'inia, miguu imelegea, akamwangalia baba usoni akingoja amalize.

"Mnaona?" baba akasema. "Halii. Huyu ndiye wetu." Akamweka miguuni kwangu, kisha akamuuliza mgeni kama amekula.

Wewe hakupewa jina lingine. Bibi alipendekeza mengi, akayaita yote kwa sauti, mbwa hakugeuka hata kwa moja. Na Jumamosi iliyofuata, walioamka mapema walimwona balozi wa nyumba kumi amesimama mlangoni kwake na mtoto mgongoni, amemfunga kwa kanga ya mama, fundo limekaa upande. Alikuwa anatupungia mkono. Mimi nilikuwa nimeshafika mbali, nafuata njuga.